Kukwama Kabla ya Saa Nne

Vijana wa idara ya mitambo wameniomba niwaachie maandishi juu ya namna ya kuzuia mashine ya lebo isikwame, na ikikwama, namna ya kuikwamua bila kuvunja kitu wala kupoteza kidole. Mkuu wa mafunzo aliniambia kurasa mbili zitatosha. Nilimshuku papo hapo. Mtu akikuomba kurasa mbili za kazi ya miaka zaidi ya thelathini, ama hana nia ya kuzisoma, ama anataka kutia sahihi yake chini. Kwa hiyo nimeandika zaidi, na nimetia humo mambo ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kudai kuwa ni yake.

Kushuku ndiyo tabia yangu, na kwa umri huu sina haja ya kuificha. Nilipofika Thika kutoka Maragoli, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipewa kitanda kwenye landi, vile vyumba virefu vya wafanyakazi, pamoja na watu watano nisiowajua. Nilifunga uzi mwembamba kwenye kufuli ya sanduku langu ili nijue kama kuna mtu analifungua. Kila jioni niliukuta uzi uko vilevile nilivyouacha. Mtu mwingine angelala usingizi. Mimi nikaanza kushuku kwamba miongoni mwa wale watano kuna mmoja mwenye ustadi wa kuufungua uzi na kuufunga tena.

Kiwanda chetu kilitia mananasi mikebeni. Kilikuwa kwenye mteremko wa kwenda mto Chania, na msimu ulipopamba moto harufu ya nanasi ilikufuata hadi kanisani. Sitakitaja jina, maana waliokuwa wakubwa wake wamekufa au wamerudi kwao, na hawawezi kujitetea. Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kwenye mashine ya lebo, na nitaieleza kwa sababu yenu ya siku hizi ina jicho la umeme na hamjui inavyofanya kazi mkiondoa hilo jicho.

Mikebe ilikuja ikibingirika yenyewe kati ya reli mbili, kwa mteremko mdogo. Ilipita juu ya gurudumu dogo lililoidondoshea gundi, ikafika juu ya rundo la lebo, kila mkebe ukaokota lebo yake na kujiviringishia kama mtoto anavyojiviringisha blanketi asubuhi ya baridi. Kisha mkanda uliubana kwa juu na kuusukuma hadi mezani, ambako akina mama waliipanga kwenye katoni. Yote hayo yalikwenda haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu kwa sauti. Mkebe mmoja ukisita, ule wa nyuma unaugonga, wa tatu unapanda juu, na kabla hujasema lolote una kichuguu cha bati, gundi na karatasi zilizochanika.

Fundi wa mashine hiyo nitamwita Njoroge. Alikuwa mwenyeji wa Gatongora, upande wa Ruiru, na kila asubuhi alikuja kwa gari moshi akiwa na kofia ya khaki iliyopauka na kipande cha mti mfukoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akitazama mashine, kwa hiyo ilikuchukua muda kujua kwamba ni wewe unayeambiwa.

Siku yangu ya tatu mikebe ilikwama na mimi nikajitia kimbelembele. Nikachukua nondo, nikaichomeka kati ya reli na kuuvuta mkebe uliokuwa juu kabisa. Njoroge aliupiga mkono wangu, nondo ikaanguka. Alivuta wenzo wa kusimamisha mashine, akavua kofia yake na kuuvisha wenzo huo.

"Hiyo unavuta haijafanya kitu," aliniambia. "Imesukumwa tu na wengine. Tafuta ile ya kwanza."

Akachukua kile kipande chake cha mti, akainama kabisa hadi shavu likagusa reli, akakipitisha chini ya lundo lote na kugusa mkebe mmoja kule mbele, uliokuwa na bonde dogo ubavuni. Ukatoka. Mingine yote ikabingirika kwenda zake bila kuguswa.

Hilo ndilo somo la kwanza na nalirudia kwenu kama nilivyolipata. Lundo halina kosa. Mkebe wenye kosa uko mbele, peke yake, mara nyingi hata hauonekani. Somo la pili ni kile kipande cha mti. Kilikuwa cha mutamaiyu, mti mgumu wa huko kwao, kirefu kama mkono hadi kiwiko, kimechongwa bapa upande mmoja na kina pengo dogo karibu na ncha. Chuma hukwaruza reli, na reli iliyokwaruzwa itakwamisha mikebe mwaka mzima ikilipiza kisasi. Mti hauikwaruzi. Lile pengo sikujua ni la nini. Nilidhani ni urembo, na nikashuku kwamba pengine si urembo.

Somo la tatu ni kofia. Ilikuwa sheria ya wafanyakazi, haikuandikwa popote. Mwenye kuingiza mkono ndani ya mashine anauvisha wenzo kofia yake, na hakuna mwingine wa kuitoa ila mwenyewe. Hata nyapara hakuigusa. Niliwahi kuona mashine ikisimama muda mrefu kwa sababu mtu alisahau kofia yake hapo akaenda kula, na watu wakamngoja badala ya kuitoa. Nyinyi sasa mna vitambulisho vyekundu vya plastiki vyenye kufuli. Ni vizuri, lakini nimeona mtu akikivunja kimoja kwa koleo. Kofia ya mtu sikuwahi kuona ikitolewa na mwingine ila mara moja tu.

Mambo mengine nitayasema kwa haraka. Gundi iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa, si nzito kama uji wa mtu mzima. Lebo zilazwe chumba kimoja na boila, maana mvua za masika zikianza karatasi hunywa unyevu, ikajikunja, na mkebe ukaokota mbili badala ya moja. Usiamini mkebe kwa kuutazama, uzungushe mkononi. Mpika gundi akikuambia gundi ni ile ile ya jana, nenda ukaitazame.

Basi ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya wakoloni kwa ajili ya vita vya msituni. Sina haja ya kuwaeleza ilivyokuwa, waulizeni wazee wenu, ingawa wengi watawaambia hawakuwapo. Langoni kwetu waliwekwa askari. Kila Mkikuyu alitakiwa kuwa na karatasi ya kumruhusu kusafiri, na kafyu ikawekwa, kwamba jua likizama watu wawe ndani. Wengi walikamatwa na nafasi zao zikachukuliwa na watu wa kwetu magharibi, ambao serikali iliwaona hawana neno. Wenyeji walitutazama, nasi tukawatazama. Kwenye landi mtu alikunywa chai yake akiwa ameegemea ukuta.

Na mashine ikaanza kukwama. Hapo nyuma ilikwama mara mbili tatu kwa juma. Sasa ilikwama kila siku. Tulibadilisha gundi, tukabadilisha lebo, mafundi wa karakana wakafungua mkanda na kuufunga, wapi. Mkuu wetu wa sehemu alikuwa Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Kijiko, kwa kuwa alitembea na kijiko mfukoni cha kuonjea maji ya sukari. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Lakini alianza kusema kwamba mashine haikwami yenyewe kila siku, kuna mkono. Neno hilo likishatamkwa mahali pa kazi halirudi tena mdomoni. Kila mtu akaanza kutazama mikono ya mwenzake.

Mimi nilikuwa na daftari. Nililianza kwa nia njema, nataka hilo lijulikane. Nilitaka kujifunza kazi, na sikuwa na kichwa kizuri cha kukumbuka. Nilipiga mistari nikapata safu nne: siku, saa, mahali mkebe ulipokwama, na jina. Jina lilikuwa la mtu aliyeukwamua. Nilitaka kujua nani anajua kukwamua nini ili nikamwulize.

Njoroge aliniona nikiandika. Alitazama kalamu, akatazama mashine, hakuniuliza kitu. Nami niliona kwamba haniulizi, nikajiuliza ni kwa nini mtu asiye na la kuficha asiulize.

Kurasa zikajaa. Jioni moja kwenye landi nikalipitia daftari lote na nikaona jambo ambalo lilinifanya nikae wima kitandani. Njoroge, Njoroge, Njoroge. Ukurasa baada ya ukurasa, jina lilikuwa lile lile. Nilijua kabisa jina linasimamia nini. Ni mimi niliyepiga safu ile kwa mkono wangu. Lakini akili ya mwenye kushuku haisomi, inatafuta. Nikaanza kulisoma daftari langu mwenyewe kama kwamba limeandikwa na mtu mwingine aliyetaka kunionya. Kwa nini yuko hapo kila mara? Kwa nini anafika kwenye reli kabla mikebe haijalundikana, kana kwamba alijua? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nikaona nimekuwa mwerevu sana.

Ningeweza kumwuliza. Tulisimama pamoja kutwa, hatua mbili kati yetu. Sikumwuliza. Nilimpelekea Kijiko daftari.

Naliandika hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nililisimulia vingine. Nilisema Kijiko alilikuta daftari mezani. Hakulikuta. Nilibisha mlango wa ofisi yake, nikavua kofia, nikalifungua mbele yake na kuweka kidole changu kwenye safu ya mwisho. Alifunua kurasa akitikisa kichwa.

"Hii Njoroge iko kila siku," alisema. "Kila siku."

Nikasema ndiyo, Bwana. Ilikuwa kweli. Hakuniuliza safu ile maana yake nini, nami sikumweleza.

Siku mbili baadaye walikuja. Afisa mmoja na askari wanne, saa tatu asubuhi. Mashine ilikuwa imekwama wakati huo huo, kofia ya Njoroge iko juu ya wenzo na mwenyewe amelala ubavu na shavu lake kwenye reli. Walimwinua, mikono yake bado ina gundi. Hakupiga kelele wala hakuuliza kosa lake. Watu wa siku hizo walijua kwamba kuuliza hakusaidii. Alipopita mbele yangu alinyoosha mkono akanipa kile kipande cha mti.

"Shika," alisema. "Ukipeleka chuma hapo utaharibu reli."

Wakaondoka naye. Kijiko akasema kazi iendelee. Hakuna aliyesogea. Akina mama wa katoni walitazama chini, nyapara akajitia hamnazo, mpika gundi akakumbuka ana sufuria jikoni. Kofia ilikuwa juu ya wenzo na mwenyewe hayupo. Kijiko alirudia, safari hii kwa ukali. Basi nikaenda mimi, nikaitoa. Ilikuwa bado na joto la kichwa chake ndani. Nikavuta wenzo, mashine ikaanza, na tangu hapo hadi magharibi hakuna mtu aliyenisemesha, hata wale wa kwetu.

Siku hizo palikuwa na watu walioketishwa kwenye viti wakiwa wamefunikwa magunia yenye matundu ya macho, na wenzao wakapitishwa mbele yao mmoja mmoja. Aliyefunikwa akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake amekwisha. Wakikuyu waliwaita gakunia. Watu walisema Njoroge alipitishwa kwa mmoja wao huko kambini. Mimi sikuvaa gunia. Sikuwa na haja nalo.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, mashine ikakwama.

Nilisimama nikaitazama kama mtu aliyeona maiti ikipiga chafya. Ikakwama tena saa mbili, na tena karibu na saa tatu. Kesho yake vilevile. Sasa aliyekuwa akilala ubavu na mti mkononi ni mimi, na kwa kuwa sikuwa na akili ya kuacha, niliendelea kuandika. Baada ya juma moja nilifungua daftari, na safu ya mwisho ukurasa mzima ilikuwa jina langu. Zakayo, Zakayo, Zakayo. Kijiko alipita akasimama nyuma yangu, akaonja maji yake ya sukari bila kuondoa macho kwangu. Nilijua anawaza nini. Mimi ndiye niliyemfundisha kuwaza hivyo.

Niseme ukweli kwamba haikuwa haki iliyonifanya nitafute sababu. Ilikuwa hofu. Nilikaa na daftari saa nzima ya chakula cha mchana, na kwa kuwa sikutaka kuitazama safu ya jina, nikatazama ile ya saa. Saa moja na nusu. Saa mbili. Saa mbili na robo. Saa tatu. Nikarudi nyuma hadi siku za Njoroge. Saa mbili, saa moja na nusu, saa tatu kasoro. Katika kurasa zote, karibu kila kukwama kulikuwa kabla ya saa nne. Baada ya saa nne mashine ilikimbia kama kwamba si ile. Na hakuna mtu anayeharibu mashine kwa kufuata saa ya kunywa chai.

Kwa hiyo nikajiuliza asubuhi kuna nini ambacho mchana hakipo. Kesho yake nilikuja mapema na kile kipande cha mti. Sijui ni nini kilichonifanya nikiingize kati ya zile reli mbili, lakini nilikiingiza kwa upande wa ncha, na lile pengo likakaa juu ya ukingo wa reli, ila halikukaa sawasawa. Lilibana. Saa nne nikajaribu tena, likaingia kama kidole ndani ya pete. Ndipo nikajua si urembo. Njoroge alikuwa amechonga kipimo.

Reli zetu zilishikiliwa pembeni na vibao. Vile vya asili vilikuwa vya mti mgumu, vikaoza, na karakana ikaweka vipande vya mbao laini ya masanduku wakingoja vingine vitoke ng'ambo. Mbao laini hunywa maji na kuvimba. Zamani sakafu yote na mitambo vilioshwa kwa mpira wa maji jioni, baada ya shifti, na usiku kucha vibao vilikauka. Kafyu ilipokuja, waoshaji hawakuweza kubaki jioni. Kuosha kukahamishiwa alfajiri, kabla ya kuanza kazi. Basi kila asubuhi vibao vilikuwa vimelowa, vimevimba, vimezisukuma reli ndani kwa unene wa ukucha, na mkebe wenye kasoro ndogo tu ulinaswa. Ikifika saa nne, joto la boila lilikuwa limevikausha. Ni maji tu, na tangazo la kafyu lililobandikwa langoni ambalo sote tulilipita kila siku.

Na Njoroge alikuwa hapo kila mara kwa sababu kila asubuhi alikuwa akipima reli na kuzilegeza, akipima na kulegeza, peke yake, ili tusikwame zaidi ya tulivyokwama. Niliketi juu ya katoni. Nililia, na mama mmoja wa katoni aliyeniona alidhani nimejibana kidole.

Nilirudi kwa Kijiko na daftari lile lile, safari hii kidole changu kikiwa kwenye safu ya saa. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Juma lile lile vibao vilibadilishwa vikawekwa vya chuma, na mashine ikaacha kukwama. Nikamwambia, Bwana, na Njoroge? Alisugua kijiko kwa kitambaa kwa muda mrefu.

"Hiyo sasa shauri ya serikali," alisema.

Alisema angeandika barua. Nilimshuku kwamba hataiandika, nikaja kujua baadaye kwamba aliiandika na haikujibiwa. Hata hilo nililikosea. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale niliyamwaga mimi.

Jumapili moja nilipanda gari moshi hadi Ruiru, nikaenda Gatongora kupeleka kofia. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao na kukusanywa kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongoka. Mimi kwa kabila langu nilipitishwa baada ya maswali mawili. Mke wake, Wanjiru, alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo. Nilimpa kofia, akaigeuza akatazama ndani, kisha akaiweka mapajani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia niketi. Alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Aliona ukiandika?" aliniuliza.

"Aliona."

"Na hakukuuliza ni nini unaandika."

"Hakuniuliza, mama."

"Na wewe hukumwuliza anatafuta nini huko kwa reli kila asubuhi."

"Sikumwuliza."

Akakaza uzi. "Basi mlikuwa mtu na mwenzake," alisema. "Tofauti ni hiyo kalamu."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kuosha kulipohamishwa, Njoroge alimwambia Kijiko kwamba mbao zinakunywa maji. Akajibiwa kwamba saa za kafyu si kazi yake kuzijadili, na aangalie asije akaonekana anaipinga. Tangu hapo akawa anapima mwenyewe kila asubuhi kwa kile kipande chake cha mti. Mimi hakuniambia kwa sababu aliniona na daftari akadhani nimetumwa na watu wa langoni. Alinishuku nilivyomshuku. Aliyekosea ni mmoja tu.

Njoroge alirudi baada ya zaidi ya miaka mitatu, miaka ya hamsini ikienda kwisha. Alikuwa amekonda na anatembea akiburuza mguu. Hawakumrudishia kazi yake. Alipewa mpira wa maji, aoshe sakafu. Siku ya kwanza nilimfuata, nikamnyooshea kipande cha mutamaiyu. Alikipokea, akalitazama pengo lake kwenye mwanga wa dirisha, akalipima kwa ukucha wa kidole gumba.

"Imelika," alisema. "Chonga ingine."

Nikamwambia nilichokuja kumwambia. Nilikuwa nimekikariri miaka yote tangu aondoke. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniuliza tu," alisema. Akafungua maji.

Hakurudia tena neno hilo, na sitawadanganya kwamba tulikuwa marafiki. Baadaye walimrudisha kwenye mitambo, akanifundisha kazi yote niliyokuja kuifanya. Alinifundisha kusikiliza mkanda, kunusa gundi inayochacha, kujua mkebe mbovu kwa mlio. Tulifanya kazi bega kwa bega hadi alipostaafu. Lakini kila nilipotoa kalamu mfukoni, hata kama ni kuandika nambari ya bolti, alinyamaza, na hakusema tena hadi nilipoirudisha. Siku ya kumuaga niliandika hotuba fupi nikaisoma mbele ya watu, wakapiga makofi. Ilipokwisha alinijia akanyoosha mkono akaomba karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Nilijua haikuwa kumbukumbu. Hakutaka tu ibaki kwangu.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda tena Gatongora. Siku hizi kuna nyumba za mawe na maduka, na lile handaki limefukiwa wakapanda migomba. Macho ya Njoroge yamekwisha kabisa. Nilimwambia vijana wanataka maandishi juu ya kukwama kwa mashine, na kwamba siwezi kuyaandika kwa kweli bila kumtaja. Aliuliza kama daftari bado ninalo. Nilikuwa nalo mfukoni. Akaniambia nimsomee, lakini safu moja tu.

Nikasoma. Saa moja na nusu. Saa mbili. Saa mbili na robo. Saa tatu kasoro. Alitikisa kichwa kila saa niliyoitaja, kama mtu anayesikia majina ya watoto wake yakiitwa, na nilipofika mwisho wa ukurasa alinipa ishara nifunue mwingine. Tulikwenda hivyo hadi chai ikapoa.

"Andika," alisema mwishowe. "Waambie juu ya maji. Andika saa zote. Jina langu usiandike."

Nikamwahidi. Njoroge si jina lake.